Tone Moja Linalopiga Kelele Kuliko Wingu Zima

Hotuba hii, kuhusu rada na ukubwa wa matone ya mvua, niliitoa Jumamosi alasiri hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, mbele ya walimu, wazazi, wakulima na wanafunzi. Wengine mlizuiwa na mvua msifike, na mmeniomba niiweke yote. Basi hii hapa. Picha za ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona zote, kwa sababu umeme ulikatika kabla hatujafika ya tatu.

Mwenyekiti wetu wa LC, yaani baraza letu la mtaa, wazee, kina mama, walimu wenzangu, wanafunzi, na ndugu zetu wa bodaboda mliosimama pale mlangoni na funguo mkononi: hamjambo?

Sijasikia. Hamjambo?

Ahsanteni. Mzee mmoja ameniuliza pale nje kwa nini sizungumzi Kiingereza, maana jambo lenyewe ni la sayansi. Nikamtazama. Humu ndani kuna Wajopadhola, Waiteso, Wasamia, Wanyole, Wagisu walioteremka kutoka Mbale, na madereva wawili wa malori waliotoka Mombasa ambao wanangoja karatasi zao mpakani Malaba tangu juzi. Sasa hawa wote niwapimie matone kwa lugha gani? Kiswahili hiki ndicho tunachouziana nacho nyanya. Kitashindwaje kubeba wingu?

Nani hapa hajui mvua ya Tororo inavyoingia? Saa tisa alasiri. Hewa imetulia, nzito, hata mbuzi wamelala. Ghafla upepo unakuja na harufu ya udongo wa mbali, mifuko ya plastiki inapaa, Mwamba wetu, ule mlima wa jiwe juu ya mji, unafifia kama mtu aliyejifunika shuka. Halafu juu ya mabati: to! Kimya. To! Kimya. To-to! Mama aliyeanika muhogo anatupa kila kitu na kukimbia. Ukitazama chini kwenye vumbi, kila tone limechimba kishimo chake, kipana kama kifungo cha shati, na baina ya kishimo na kishimo unaweza kuweka mguu. Matone manene, machache. Baada ya dakika tano au kumi ndipo inakuja mvua yenyewe, ya matone madogo na mengi, ile inayofunga barabara.

Kwa nini manene yanatangulia? Shikeni swali hilo, tutalirudia.

Sisi tuna haki ya kuuliza maswali ya mvua kuliko watu wengi duniani. Kati ya mwaka 1967 na 1976 mji huu ulihesabiwa siku 251 za radi kwa mwaka, kwa wastani. Siku 251! Kuna watu wanaokuja kutazama Mwamba na kuupiga picha. Mimi nasema wangeinua kamera juu kidogo, kwenye mawingu.

Leo nazungumzia ukubwa wa matone yaliyomo ndani ya mawingu hayo, na chombo kinachojaribu kuupima kikiwa mbali, bila kulowa. Chombo hicho ni rada.

Rada ni nini? Simameni mbele ya Mwamba mpige kelele: “Weee!” Sauti inarudi. Ukihesabu muda iliochukua, unajua Mwamba uko umbali gani. Rada hufanya hivyo kwa mawimbi ya redio. Antena inatuma pigo fupi, inanyamaza, inasikiliza. Muda unatoa umbali. Nguvu ya mwangwi inatoa habari nyingine, na hiyo habari nyingine ndiyo iliyonileta hapa.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, waendesha rada walikuwa wanatafuta ndege na meli za adui. Wakaona skrini zinachafuka. Madoa, mabaka, kama ukungu kwenye kioo. Ilikuwa mvua. Kwao ilikuwa kero tupu, inawaficha maadui. Vita vilipokwisha, wataalamu wa hali ya hewa wakazichukua zile rada wakauliza swali la busara: kama kitu hiki kinaona mvua, je, kinaweza kuipima?

Kinaweza. Lakini kina ugonjwa mmoja, na huo ndio jambo langu la kwanza.

Rada haihesabu matone kwa haki. Inayasikia kwa kelele zake, na kelele za tone hazilingani na maji yake. Tone likiwa dogo sana kuliko urefu wa wimbi la rada, nguvu ya mwangwi wake hufuata kipenyo kwa kipeo cha sita. Wanafunzi, kipeo cha sita ni nini? Chukua kipenyo, kizidishe chenyewe kwa chenyewe hadi kimeandikwa mara sita. Tone la milimita 1 lipe kelele 1. Tone la milimita 2? Mbili mara mbili mara mbili... Naam, 64! Tone la milimita 3 je? Kijana wa dirishani amesema 729, na hajatumia simu, mpigieni makofi.

Sasa tulieni hapa kidogo. Tone la milimita 3 lina maji mara 27 ya tone la milimita 1, kwa sababu maji hufuata kipeo cha tatu. Kelele mara 729, maji mara 27. Weka tone moja la milimita 3 upande huu wa ukumbi. Upande ule weka matone 729 ya milimita 1. Rada, kwa masikio yake, inasema pande hizi mbili ni sawasawa. Sawasawa kabisa! Na upande ule una maji mara 27 zaidi.

Mmewahi kuona mkutano wa kijiji ambapo watu mia mbili wanataka kisima, wamekaa kimya, na mtu mmoja mwenye sauti ya ng'ombe anataka daraja? Karani akiandika kwa kusikiliza kelele, kijiji kitajengewa daraja. Rada ni karani wa namna hiyo.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa kijana nilipelekwa mafunzoni kwenye kituo kimoja chenye rada. Sitakitaja, kosa lilikuwa langu. Siku moja nikaona baka jekundu, rangi ya mwangwi mkubwa, kwenye skrini linaelekea kijiji ambako palikuwa na arusi. Nikapiga simu. Nikasema kwa kujiamini, kama ujana unavyojiamini: mvua kubwa inakuja, ondoeni watu uwanjani. Wakahamisha arusi nzima darasani. Sufuria, viti, spika, bibi harusi na shela lake, wote wakabanana baina ya madawati. Wakangoja. Ikaja: to! Kimya. To! Kimya. Matone manene, labda kumi kwa kila mkeka, kisha jua likatoka. Mjomba wa bibi harusi alinipigia simu mwenyewe. Maneno yake hayasemeki mbele ya watoto.

Wiki iliyofuata nikaona baka hafifu, la kijani. Nikasema: manyunyu tu. Usiku kucha ikanyesha mvua ya matone madogo, laini, mengi, isiyopiga kelele kwenye bati wala kwenye rada, na asubuhi barabara ilikuwa imekatwa.

Jekundu likawa maji kidogo. Kijani likawa maji mengi. Rada haikusema uongo hata mara moja. Ni mimi niliyesikia kelele nikadhani ni umati.

Na sasa mnaweza kujibu lile swali la mwanzo. Tone la milimita 1 huanguka kwa kasi ya kama mita 4 kwa sekunde. La milimita 5, kama mita 9. Yakianza safari pamoja kutoka juu, nani atafika kwanza kwenye muhogo wa mama? Yule mnene. Ndiyo maana ukingo wa mvua hupiga kelele kubwa kwenye rada ilhali chini hakuna hata maji ya kujaza kikombe.

Jambo la pili ni wingu lenyewe, kabla halijawa mvua. Hapa nitakaa sana, mnisamehe, ndipo moyo wangu ulipo.

Wingu limetengenezwa kwa nini? Wengi husema mvuke. Mvuke hauonekani, ndugu zangu. Kile cheupe mnachokiona ni maji tayari, vitone vidogo mno, vyenye kipenyo cha kama sehemu mbili kwa mia za milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene mara kadhaa kuliko kitone hicho. Kinaanguka kwa kasi ya kama sentimita moja kwa sekunde, yaani karibu hakianguki, upepo mdogo unaopanda unakibeba. Ili upate tone moja la mvua la milimita 2, unahitaji vitone milioni moja vya namna hiyo viungane. Milioni moja! Kila tone lililowahi kukupiga kichwani ni mkutano mkubwa kuliko mkutano wowote wa siasa uliofanyika Kampala.

Sasa tupige hesabu pamoja. Chukueni kipande cha wingu cha mita moja kwa mita moja kwa mita moja, kama boksi la kuwekea friji. Ndani yake weka vitone milioni 100, idadi ya kawaida kabisa. Maji yote yakikusanywa ni kama gramu 0.4. Hayajazi kizibo cha soda. Sasa kwenye boksi la pili weka tone moja tu la mvua, moja, la milimita 1. Nani atapiga kelele zaidi kwenye rada?

Wangapi wanasema vitone milioni 100? Inueni mikono. Wangapi wanasema tone moja?

Tone moja linashinda. Linashinda kwa zaidi ya mara 150. Vitone milioni 100, vyenye maji mara 800 ya tone hilo, vinapiga kelele pamoja na havisikiki mbele ya tone moja la milimita 1. Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea sifuri.

Ndiyo sababu rada ya kawaida ya mvua, yenye wimbi la sentimita 10 au 5, inaweza kutazama wingu jeupe zuri na isione chochote. Kuna wingu, macho yanaliona, rada inasema anga ni tupu. Kwa hiyo wataalamu wakafupisha wimbi. Ukitoka kwenye sentimita 10 ukaja milimita 3 hivi, mwangwi wa kitone kilekile unaongezeka karibu mara milioni moja. Hizo ndizo rada za mawingu. Moja ilirushwa angani kwa setilaiti ya Marekani iitwayo CloudSat mwezi Aprili 2006, ikakata mawingu ya dunia yote kama kisu kinavyokata mkate, tukaona ndani. Mwezi Mei 2024 ikafuata EarthCARE, ya Wazungu wa Ulaya pamoja na Wajapani, na rada yake inaweza hata kutambua kama vilivyomo ndani ya wingu vinapanda au vinashuka. Lakini hakuna kipya kisicho na bei yake: wimbi fupi huchoka upesi. Likikutana na mvua nzito kama ya kwetu linamezwa njiani kabla halijafika upande wa pili.

Haya, rada sasa inaviona vitone. Je, imejua ukubwa wake? Bado! Ule ugonjwa haujapona. Kelele ileile inaweza kutoka kwa vitone vingi vidogo au vichache vikubwa. Ifanye nini?

Niwapeleke Malaba. Hawa madereva wawili watanisahihisha. Lori linapanda kwenye mizani. Mizani inasema: mzigo ni kilo 10,000. Je, mizani imekuambia kila gunia lina kilo ngapi? Haijakuambia. Yanaweza kuwa magunia 100 ya kilo mia, au 200 ya kilo hamsini. Mizani peke yake haitajua mpaka kesho. Lakini aje karani mwingine, mwenye kazi ya kuhesabu magunia tu, aseme: nimehesabu 200. Gawanya. Kilo hamsini. Mashahidi wawili, wenye ujinga tofauti, ukiwakutanisha wanatoa jibu ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelijua.

Kwa wingu hufanywa hivyohivyo. Pembeni ya rada ya mawingu huwekwa chombo cha pili kinachotazama juu kimyakimya, hakitumi kitu, kinapokea tu mnururisho hafifu unaotolewa na maji ya wingu. Chombo hicho kinasema jumla ya maji ni kiasi gani. Rada inatoa namba inayofuata kipeo cha sita. Chombo cha pili kinatoa namba inayofuata kipeo cha tatu. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, kinabaki nini? Mwalimu wa hesabu anatabasamu. Kinabaki kipenyo kwa kipeo cha tatu. Tafuta mzizi wake, umepata ukubwa wa vitone vya wingu lililo kilomita moja na nusu juu ya kichwa chako, na hujapanda hata ngazi.

Uzuri wa kazi hii uko hapo, na udhaifu wake pia. Yakianza manyunyu ndani ya wingu, matone machache ya nusu milimita, yanapiga kelele na kuharibu hesabu yote. Kama vile karani wa Malaba anahesabu magunia, na mtu ameficha injini ya lori katikati ya mahindi.

(Hapa ndipo umeme ulipokatika. Tuliendelea bila picha.)

Msijali, giza linafaa kwa jambo la tatu. Nani atakuja kunichorea tone la mvua ubaoni? Njoo binti. Tumia chaki.

Mnaona alivyochora? Ncha juu, tumbo chini, kama chozi. Kila mahali nilipouliza, watoto na maprofesa, huchora hivi. Na hakuna tone la mvua lenye umbo hilo, halijawahi kuwepo. Tone dogo ni duara kama gololi. Likikua, hewa inalisukuma kutoka chini linapoanguka, linabonyea, linakuwa kama andazi lililokaa vizuri kwenye mafuta: bapa chini, mviringo juu. Likifika milimita 5 au 6 kwa kawaida linapasuka.

Ukilijua hilo, una ujanja mpya. Rada hutuma mawimbi mawili: moja linatikisika kwa ulalo, jingine linatikisika wima. Tone duara linarudisha yote mawili sawa. Andazi linarudisha zaidi lile la ulalo. Tofauti ikiwa kubwa, matone ni manene. Ikiwa karibu sifuri, ni madogo. Wataalamu wawili, Seliga na Bringi, walilipendekeza mwaka 1976, na leo rada nyingi mpya zimejengwa hivyo. Wenzetu wa Tanzania wanayo moja pale Mwanza, kusini mwa ziwa. Na wakulima nisikilizeni: barafu ya mvua ya mawe inaanguka ikibiringika ovyo, kwa hiyo kwa wastani inaonekana duara. Kelele kubwa sana, na tofauti ya mawimbi karibu hakuna? Hayo ni mawe, na tumbaku yenu iko hatarini.

Njia nyingine ni kasi. Mnajua lori linapokuja kutoka Malaba likipiga honi? Likija sauti ni nyembamba, likikupita inakuwa nzito: iiiiuuu. Mwangwi wa tone linaloanguka nao hubadilika hivyo. Elekeza rada juu kabisa, pima mabadiliko, unajua kasi ya kila kundi la matone, na tangu Gunn na Kinzer walipopima kwa uangalifu mwaka 1949 tunajua kila ukubwa una kasi gani. Ila ndani ya mawingu yetu ya radi, upepo unaopanda unaweza kuwa na nguvu kuliko tone linaloshuka. Tone linataka kuja chini, linapelekwa juu. Basi kasi peke yake, hapa kwetu, msiiamini sana. Hilo ni la kwangu, wengine watabishana.

Kuna setilaiti nyingine inayopita juu yetu humu Tororo, zaidi ya kilomita 400 angani, tangu Februari 2014, nayo ina rada mbili za mawimbi tofauti zinazotazama mvua ileile kwa pamoja. Mashahidi wawili tena. Mnaona? Kila mahali ni mashahidi wawili.

Nije nyumbani sasa. Mtu ataniuliza: mwalimu, mimi nalima mihogo na mtama, vitone vya wingu vinanihusu nini?

Mwaka 1948, kule Montreal, Kanada, Marshall na Palmer walitoa kanuni ya kugeuza mwangwi wa rada kuwa milimita za mvua kwa saa. Walikusanya matone kwa karatasi zenye rangi, wakapima madoa. Kazi safi. Kanuni hiyo imezunguka dunia nzima. Lakini ni mvua ya wapi? Ya Kanada! Waamerika walipoona inawapunja kwenye mvua za joto, zile za matone madogo mengi, wakaweka kanuni nyingine. Chukueni mwangwi mmoja, ule ambao kwenye skrini huandikwa 40. Kanuni ya Montreal inasema mvua ni milimita 11.5 kwa saa. Kanuni ya tropiki inasema milimita 21.6. Mwangwi ni uleule! Rada ni ileile! Karibu mara mbili ya maji, na tofauti yote imekaa kwenye ukubwa wa matone.

Wagisu mliomo humu, usiku wa Julai 30 kuamkia 31 mwaka 2022 hamjausahau, mto Nabuyonga ulipoingia Mbale. Mtu anayekaa kwenye skrini usiku kama ule, akiamua mlango wa nani ugongwe, anatumia kanuni gani? Sisi tuna mvua za ziwani zinazozaliwa usiku, upepo wa nchi kavu ukikutana katikati ya maji, na tuna mvua za alasiri zinazojengwa juu ya Mlima Elgon. Nani amesema matone yake yanafanana? Na tone nene linachofanya kwenye mteremko, mwaulize mkulima yeyote wa mlimani: tone la milimita 4 linapiga udongo kwa nguvu ya kama mara 300 ya tone la milimita 1. Mvua mbili za milimita sawa kwenye kipimamvua, moja inanywesha shamba, nyingine inalibeba.

Kwa hiyo lazima mtu apime matone hapa chini, hapahapa. Kuna mashine za kazi hiyo, na bei yake sitaitaja, mtakosa usingizi. Lakini alikuwepo mkulima mmoja huko Vermont, Marekani, jina lake Wilson Bentley. Wanaomjua wanamjua kwa picha za theluji. Mkulima kabisa, wa ng'ombe na maziwa, elimu yake nyingi aliipata kwa mama yake. Yeye alipima matone ya mvua kwa unga wa ngano, akachapisha matokeo yake mwaka 1904. Rada ilikuwa haijazaliwa.

Nimefanya na wanafunzi wangu, inafanya kazi. Sinia pana, unga umechekechwa laini, unene wa kama sentimita mbili unusu. Funika na gazeti, toka nje mvua ikinyesha, funua sekunde chache, funika, rudi ndani. Kila tone linakuwa kidonge cha unga. Kiache kikauke, chekecha taratibu, vidonge vinabaki kwenye chekecheo kama punje za mtama. Utajuaje kidonge fulani ni tone la ukubwa gani? Chukua bomba la sindano, dondosha matone 100 kwenye kikombe cha kupimia. Yetu yalijaza mililita 1. Kwa hiyo kila tone lilikuwa na kipenyo cha kama milimita 2.7. Dondosha matone hayohayo kwenye unga, tazama vidonge vyake, tayari una kipimo chako. Mara ya kwanza mama mwenye nyumba wangu aliuliza kwa nini kilo nzima ya unga imeloa na hakuna chapati hata moja. Nikamweleza sayansi. Akaniambia kesho nipime kwa unga wangu.

Nimeongea na walimu wa shule tatu. Kila shule itakuwa na sinia, chekecheo, kipimamvua, na daftari lenye saa ya mvua ilipoanza na upande ilikotokea. Mtakachoandika ninyi hakiandikwi na rada yoyote.

Nilitaka pia kusema habari za...

Hebu nyamazeni kidogo. Mmesikia?

To.

Hilo ni la kwanza. Mwenye sinia yuko wapi? Toka nalo, gazeti liwe juu, usikimbie, unga utamwagika. Wengine simameni barazani. Nikisema funua, hesabuni kwa sauti mpaka nne.